Isimu katika Mtaala wa Uzamili wa Uhandisi wa Programu: Mradi wa Vitendo katika Mazingira ya Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kuunda mtaala wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa programu ambao kiini chake ni mradi wa vitendo. Hoja yetu ni kwamba katika nchi inayotumia Kiswahili, uchanganuzi wa lugha ya mtumiaji ni sehemu ya uhandisi wenyewe. Si pambo linaloongezwa programu inapokwisha kukamilika. Mfano unaotumika ni jaribio la programu za kufundishia kusoma lililofanyika katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, wilaya za Handeni na Korogwe zikiwamo, kuanzia mwaka 2017 hadi 2019. Mwishoni tunapendekeza mgawanyo wa kozi, utaratibu wa mradi na namna ya kuutathmini.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu, si mhandisi. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza ni kipi kinachompeleka mwanaisimu katika mtaala wa fani isiyo yake. Jibu ni jepesi. Programu ya kompyuta huzungumza na mtu. Humwamuru, humuuliza, humsahihisha na humpa taarifa. Programu inayozungumza Kiswahili kibovu haina tofauti na mwalimu asiyeielewa lugha ya darasa lake: yaweza kuwa na maarifa mengi, lakini maarifa hayo hayamfikii aliyekusudiwa.

Juhudi za kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili si ngeni. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kuunda mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la SALAMA. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi hizi zilionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Hata hivyo, aghalabu mwanafunzi wa uhandisi wa programu huhitimu bila kuketi hata saa moja katika darasa la isimu, na mwanafunzi wa isimu huhitimu bila kufahamu namna programu inavyojengwa. Pengo hilo ndilo linalotushughulisha hapa.

2.0 Uhandisi wa Programu na Nafasi ya Mradi

Yafaa kwanza kutofautisha dhana mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Kuandika programu ni kuipa kompyuta maagizo yanayofanya kazi. Uhandisi wa programu ni zaidi ya hapo: ni kupanga, kujenga, kujaribu na kutunza programu itakayotumiwa na watu wengi, kwa miaka mingi, na kurekebishwa na watu ambao hawakuiandika. Fani hii ilijitwalia jina lake katika mkutano ulioitishwa na NATO huko Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wakati ambapo miradi mikubwa ya programu ilikuwa ikichelewa, ikizidi gharama, au ikishindwa kabisa. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyewahi kusimamia mradi mkubwa wa kampuni ya IBM, alieleza kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni lazima wafundishwe, na mawasiliano baina ya watu huongezeka haraka kuliko idadi yao.

Maelezo hayo ya Brooks yana uzito kwa mwanaisimu, kwa sababu yanasema kwamba tatizo kubwa la programu ni mawasiliano. Mawasiliano hayafundishwi kwa mihadhara pekee. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichoko Pittsburgh, Marekani, kilipoanzisha shahada ya uzamili ya uhandisi wa programu mwaka 1989, kiliweka katikati yake mradi mrefu ambamo kikundi cha wanafunzi humtumikia mteja halisi chini ya uangalizi wa walimu. Mwongozo wa kimataifa wa mitaala ya uzamili ya fani hii uliotolewa mwaka 2009 nao ulisisitiza mradi wa kuhitimisha masomo.

Mteja halisi humfundisha mwanafunzi jambo ambalo mwalimu hawezi kulifundisha: kwamba anayetaka programu mara nyingi hajui kueleza anachotaka, na anayoyasema hubadilika baada ya kuona kilichojengwa. Swali linalobaki kwetu ni hili: mteja halisi wa mwanafunzi wa Kitanzania ni nani, na anazungumza lugha gani?

3.0 Mfano wa Vijiji vya Tanga

Mwaka 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la kimataifa la kuunda programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila kumtegemea mwalimu. Timu tano ziliingia fainali mwaka 2017, na kila moja ilipewa dola milioni 1. Timu hizo zilikuwa CCI ya New York, Chimple ya India, Kitkit School yenye asili ya Korea Kusini na Marekani, onebillion ya Uingereza, na RoboTutor ya Chuo Kikuu kilekile cha Carnegie Mellon tulichokitaja.

Programu hizo zilijaribiwa kwa Kiswahili katika Mkoa wa Tanga kwa muda wa miezi 15, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wapatao 2,700, katika vijiji takriban 170, walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya jaribio, kiwango hicho kilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 onebillion na Kitkit School zilitangazwa kuwa washindi wa pamoja, zikagawana dola milioni 10.

Matokeo haya yana pande mbili, na mtafiti mwaminifu hana budi kuzitazama zote. Upande wa kwanza ni fahari: watoto ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga darasani walijifunza kusoma. Upande wa pili ni kwamba wengi walimaliza miezi 15 bila kuweza kusoma neno. Hatudai kwamba lugha ndiyo sababu ya kushindwa kwao; huenda sababu ni nyingi. Tunachodai ni kwamba mhandisi asiyejua isimu hana chombo cha kupima kama lugha ni mojawapo ya sababu hizo au la.

Lipo jambo la tatu, nalo ni muhimu kwa mtaala. Kwa mujibu wa masharti ya shindano, msimbo wa programu zote tano uliwekwa wazi ili yeyote aweze kuuchukua na kuuendeleza. Hazina hiyo iliyojaribiwa na watoto wa Kitanzania, kwa lugha ya Kitanzania, inaweza kufunguliwa na mwanafunzi yeyote wa uzamili nchini.

4.0 Lugha kama Sehemu ya Mahitaji

Katika uhandisi, "mahitaji" ni maelezo ya mambo ambayo programu haina budi kuyatimiza. Sehemu hii inaonyesha kwa mifano minne kwamba mahitaji ya kiisimu hugusa muundo wa programu wenyewe.

4.1 Upatanisho wa kisarufi

Programu nyingi hutunga taarifa zake kwa kiolezo: sentensi moja yenye nafasi ya nomino na nafasi ya idadi. Kiolezo kilichobuniwa kwa Kiingereza huhitaji kwa kawaida maumbo mawili tu, la umoja na la wingi. Tuchukue sasa nomino tano za Kiswahili na kitenzi kimoja: faili limefutwa, mafaili yamefutwa, picha imefutwa, picha zimefutwa, ujumbe umefutwa, jumbe zimefutwa, kitabu kimefutwa, vitabu vimefutwa, mtumiaji amefutwa, watumiaji wamefutwa. Nomino tano zimezaa viambishi tisa tofauti vya upatanisho.

Mfasiri hata awe hodari namna gani hawezi kuliondoa tatizo hili, maana hakupewa nafasi ya kuweka ngeli. Tiba iko kwa mhandisi: kila nomino ihifadhiwe pamoja na ngeli yake, na kiambishi kichaguliwe na programu. Uamuzi huo lazima ufanywe siku ya kusanifu. Ukiahirishwa hadi siku ya kufasiri, gharama yake ni kuivunja nyumba ili kuupanua mlango.

4.2 Silabi

Ufundishaji wa kusoma Kiswahili hutegemea sana silabi, nao mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015, uliojulikana kwa ufupi kama KKK, uliweka stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya masomo mengine. Mhandisi atadhani kwamba kugawa silabi ni kazi rahisi: soma konsonanti mpaka ukutane na irabu, kisha kata. Kanuni hiyo hufaulu kwa "kalamu". Kwa neno "mtu" hushindwa, kwa kuwa neno hilo lina silabi mbili, m-tu, wakati kanuni inahesabu moja.

Mhandisi atarekebisha kanuni yake aseme kwamba m inayofuatwa na konsonanti ni silabi. Hapo "mbuzi" itamkwamisha, kwani silabi zake ni mbu-zi. Akisema kwamba m inayofuatwa na b si silabi, atakwama katika "mbuni". Neno hilo likiwa na maana ya ndege, lina silabi mbili, mbu-ni; likiwa na maana ya mtu anayebuni, lina silabi tatu, m-bu-ni. Vivyo hivyo, "mbaya" katika "mtu mbaya" ni m-ba-ya, ilhali katika "nguo mbaya" ni mba-ya. Hakuna kanuni ya herufi peke yake itakayoamua. Programu lazima ijue ngeli. Mtoto anayefundishwa na programu isiyojua hivyo ataambiwa amekosea pale ambapo amepatia, na kosa hilo hataweza kulieleza kwa mtu yeyote.

4.3 Matamshi

Programu inayomsikiliza mtoto akisoma lazima iamue ni tofauti ipi ya matamshi iwe kosa. Katika Kiswahili, "kalamu" na "karamu" ni maneno mawili tofauti, lakini wazungumzaji wengi wa lugha za Kibantu hubadilishana l na r bila kuathiri uelewa wao wa maandishi. Aidha, Kizigua na Kisambaa ni lugha zenye toni, ambapo Kiswahili hutumia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Je, mtoto aliyesoma neno vizuri kwa lafudhi ya kwao amekosa kusoma? Mwalimu wa kijijini hujibu swali hili kila siku bila kujua kwamba amejibu. Programu haiwezi kulijibu mpaka mtu aliandike jibu.

4.4 Wakati

Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Programu inayoonyesha 7:00 na kuisoma kwa sauti "saa saba" imempeleka mtoto mchana, wakati iliyokusudiwa ni saa moja asubuhi. Kosa ni la saa sita kamili, nalo hutokea bila neno hata moja kufasiriwa vibaya. Katika programu ya kupanga ratiba ya shule huo ni usumbufu. Katika programu ya kukumbusha dawa ni hatari.

5.0 Muundo wa Mtaala Unaopendekezwa

Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu krediti moja kuwa sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya uzamili huhitaji krediti zisizopungua 180. Tunapendekeza zigawanywe ifuatavyo: krediti 60 kwa kozi za msingi, yaani uchanganuzi wa mahitaji, usanifu, majaribio na usimamizi wa miradi, krediti 20 kwa isimu tumizi ya programu, krediti 10 kwa mbinu na maadili ya utafiti, krediti 60 kwa mradi wa kikundi, na krediti 30 kwa tasnifu fupi ambayo kila mwanafunzi huiandika peke yake kuhusu tatizo moja lililojitokeza katika mradi.

Kwa hesabu hiyo kila mwanafunzi hutumia saa 600 katika mradi, na kikundi cha watu watano hutumia saa 3,000. Muda huo unatosha kufanya kazi ya maana, mradi kikundi kisianze na ukurasa mtupu. Hapa ndipo pendekezo letu la pili linapoingia: wanafunzi wasiandike programu mpya, bali warithi msimbo uliopo, kwa mfano mmojawapo wa ile iliyojaribiwa Tanga. Kurithi kazi ya wengine, kuielewa na kuirekebisha bila kuiharibu ndiyo hali halisi ya mhandisi kazini.

Mradi uwe na safari tatu za uwandani. Safari ya kwanza ifanyike bila kompyuta: wanafunzi waketi madarasani na majumbani, wasikilize, na waandike jinsi watoto na walimu wanavyozungumza. Safari ya pili wapeleke marekebisho ya awali na kutazama yakitumiwa, huku wakijizuia kumwelekeza mtumiaji; pale anapokwama ndipo penye somo. Safari ya tatu iwe ya kukabidhi, na makabidhiano yajumuishe mwongozo kwa Kiswahili ambao mwalimu wa kawaida anaweza kuufuata.

Kuhusu tathmini, tunashauri kwamba sehemu ya alama za mradi itolewe na kikundi cha mwaka unaofuata, ambacho ndicho kitakachorithi msimbo huo. Mwanafunzi anayejua kwamba atahukumiwa na mrithi wake ataandika maelezo yanayoeleweka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mrithi ndiye mgeni anayefichua uchafu ambao mwenyeji aliuzoea.

6.0 Kwa nini Handeni na Korogwe

Wilaya hizi mbili zina faida ya kiisimu ambayo si rahisi kuipata kwingineko. Mji wa Korogwe uko kandokando ya reli na barabara kuu ya kuelekea Moshi, na eneo lake lilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge yaliyovuta manamba kutoka pembe nyingi za nchi. Katika mazingira ya namna hiyo Kiswahili kilipata nafasi ya kuwa lugha ya nyumbani. Handeni ni kitovu cha Wazigua, na wafugaji Wamaasai nao wanaishi humo. Tangu mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera. Kimaasai si lugha ya Kibantu, wala hakina mfumo wa ngeli kama wa Kiswahili.

Kwa hiyo, katika barabara ya kilomita 65 hivi baina ya miji hii miwili, kikundi cha wanafunzi kinaweza kukutana na mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza, mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni ndugu wa Kiswahili, na mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haina nasaba nacho. Programu ileile ikijaribiwa kwa watoto hao watatu, tofauti za matokeo zitaanza kutueleza nafasi ya lugha. Korogwe pia ina chuo cha ualimu, na walimu watarajiwa wangekuwa washirika wa asili wa wahandisi watarajiwa.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni gharama. Safari tatu kwa kila kikundi si fedha kidogo. Hata hivyo, vifaa si kikwazo kama zamani: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu. Kinachopungua ni programu zenye kufaa ndani yake, na watu wa kuzitunza.

Pingamizi la pili ni la kimaadili, nalo ni zito zaidi. Watoto si vyombo vya maabara. Sauti ya mtoto iliyorekodiwa ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia wanafunzi wa uzamili. Ridhaa ya mzazi lazima iombwe kwa lugha anayoielewa barabara. Ridhaa iliyotiwa kidole gumba kwenye karatasi isiyosomeka si ridhaa. Zaidi ya hayo, kikundi kisichoweza kuahidi kwamba programu itatunzwa baada ya mradi kisimwonjeshe mtoto kitu kitakachozimika wanafunzi wanapohitimu. Utaratibu wa kurithishana tuliouleza katika sehemu ya tano ni jibu la kimaadili kabla ya kuwa jibu la kiufundi.

Pingamizi la tatu ni kwamba uhandisi hufundishwa kwa Kiingereza vyuoni, hivyo isimu ya Kiswahili itaonekana kama mgeni asiyealikwa. Sisi tunaona kinyume chake. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza na kumtumikia mtu wa Kiswahili anahitaji zaidi, si pungufu, kufundishwa namna ya kuvuka baina ya lugha hizo mbili.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ngeli, silabi, matamshi na hesabu ya saa ni masuala ya usanifu wa programu, na kwamba mradi wa vitendo ndio mahali pa kuyakabili. Tumependekeza mtaala wa krediti 180 ambao theluthi yake ni mradi, msimbo wake ni wa kurithi, na watumiaji wake ni watu wa Handeni na Korogwe. Idara za Kiswahili nazo zina wajibu: zisisubiri kuitwa kufasiri maneno ya programu iliyokwisha kukauka, bali zikubali kufundisha katika darasa la wahandisi na kuwapokea wahandisi katika madarasa yao. Watoto waliomaliza miezi 15 na kishikwambi mkononi bila kuweza kusoma neno moja walikuwa na haki ya kuulizwa walikwama wapi. Kazi ya mtaala huu ni kuwaandaa watu wanaojua kuliuliza swali hilo, kwa lugha ambayo mtoto anaweza kulijibu.